Banda Tupu, Jua la Lisbon

Jumatatu, 29 Aprili

Tumefika, kwa neema ya Mungu, na miguu yangu imeumuka kama unga wa mkate. Nyumba ni ya mjane mmoja anaitwa Bi Ermelinda. Yeye anakaa chini, sisi juu, na ngazi zinazunguka kama za mnara wa kengele. Alitukumbatia hadi mifupa ikalia. Aliwahi kufanya usafi hotelini London miaka mingi, kwa hiyo lugha yetu anaijua, na sauti yake inatosha mtaa mzima. "Mmekuja fungate?" akatuuliza, na Fintan wangu ana mvi kichwa kizima! Nikacheka peke yangu.

Naandika kwa kuwa sina wa kumweleza. Binti yetu Sorcha yuko Australia, na akiisikia tu sauti yangu inatetemeka atapanda ndege. Ninayetaka kumweleza ni mume wangu, na ndiye nisiyeweza kumweleza.

Acha niseme yote mara moja. Mwezi wa pili daktari wa mifugo alikuja kuwapima ng'ombe wetu kifua kikuu, kama wanavyofanya kila mwaka kule mkoani kwetu Cavan, na safari hii akakuta ugonjwa umeenea kundi zima. Wakachukuliwa wote kwa lori kwenda kuchinjwa. Wa maziwa, mitamba, hata wale waliokuwa karibu kuzaa. Sheria inasema banda lioshwe kwa dawa, likae tupu hadi mwezi wa saba, ndipo tukitaka tuingize wengine. Fintan hakulia wala hakutukana mtu. Aliendelea kuamka saa ile ile ya kukamua, anavaa buti, anasimama uani mikono mfukoni hadi nimwite chai. Hivyo hivyo, wiki baada ya wiki. Asubuhi moja nilimtazama dirishani nikajua kwamba nikimwacha pale uani hadi mwezi wa saba, sitakuwa na mume. Neno hilo sijamwambia mtu yeyote isipokuwa Mama Maria.

Padre wetu alisema, mpeleke mahali penye jua. Sorcha akatutafutia nyumba. Mbwa wetu Toss tumemwacha kwa jirani, Malachy, ambaye simpendi sana kwa sababu ya mdomo wake, lakini mbwa anamjua. Tangu tufunge ndoa hatujawahi kulala nje pamoja zaidi ya usiku mmoja. Ng'ombe hawajui sikukuu.

Haya, tuko likizoni.

Jumanne, 30 Aprili

Jua. Chai niliyokuja nayo ni nzuri, maji ya hapa ndiyo mabaya.

Alhamisi, 2 Mei

Leo tumeuzunguka mji kama watalii wenyewe. Tukapanda tramu ile ndogo ya njano, imejaa Wajerumani, inapiga kona hadi unaweza kuchukua nguo za watu kwenye kamba. Mimi nilikuwa naonyesha kila kitu. "Ona vigae vile vya bluu, Fintan! Ona yule bibi na kanari wake!" Anaangalia ninapoonyesha. Nikiacha kuonyesha, anaacha kuangalia.

Kule juu kwenye uwanja unaoutazama mto tukakaa mkahawani. Akaletewa kahawa ya maziwa. Akaonja, akaweka kikombe chini taratibu.

Mwenye mkahawa akaja. "Mzee, kahawa yangu ina kosa gani?"

"Kahawa ni nzuri," Fintan akasema. "Maziwa yamechemshwa hadi yamesahau yalikotoka."

Yule bwana akacheka akampiga begani. Mimi nikaona mkono wa Fintan chini ya meza, vidole vinajikunja na kujikunjua, kama anakamua. Nikamwambia yule bwana, "Amechoka tu." Tangu mwezi wa pili hiyo ndiyo kazi yangu, kumwambia kila mtu kwamba Fintan amechoka tu.

Ijumaa, 3 Mei

Jua. Nimeandika kadi tatu za posta. Zote nimesema tunafurahi mno.

Jumapili, 5 Mei

Misa. Sikuelewa neno, lakini Misa ni Misa, unajua wapi umefika. Fintan alisimama nyuma karibu na mlango, na hakwenda kupokea komunyo. Kwetu wanaume wengi husimama nyuma, kwa hiyo haikuwa kitu cha ajabu, na bado niliomba huku nimegeuza shingo nusu nione kama viatu vyake viko palepale.

Jumatano, 8 Mei

Anatoka alfajiri. Namsikia anashuka ngazi ameshika viatu mkononi, asije akaniamsha, masikini, na mimi macho makavu dari linaniangalia. Anarudi na mkate wa moto. Nikimuuliza alikokwenda anasema, "Kunyoosha miguu."

Bi Ermelinda amenichosha leo. Amepanda bila kubisha hodi, amefungua jokofu letu, akaona siagi yetu na viazi vyetu, akapiga ishara ya msalaba. "Mwanangu, mmesafiri hadi huku kula viazi?" Kisha akanikazia macho. "Huyu mumeo haongei. Alizaliwa hivi au mmegombana?"

"Amechoka tu, Bi Ermelinda."

"Aliyechoka hulala," akasema. "Huyu halali. Namsikia."

Nikamfungia mlango kwa adabu. Mwanamke mpekuzi.

Jumamosi, 11 Mei

Jua. Tulitembea sana.

Jumatatu, 13 Mei

Sikukuu ya Mama Yetu wa Fatima. Nilikuwa na hamu ya kwenda Fatima kwenyewe, si mbali kwa basi, lakini Fintan alisema watu watakuwa wengi, na uso wake ulipauka aliposema hivyo. Basi nikashuka kutazama kwenye televisheni jikoni kwa Bi Ermelinda. Wakati wanaipungia leso nyeupe sanamu ya Mama ikiondoka, yeye akavua aproni yake akapunga, nami nikachukua taulo la vyombo nikapunga. Tukalia wote wawili. Hakuniuliza ninalilia nini. Akanipa kijiglasi cha pombe ya cheri, asubuhi ile. Nimeanza kuona kwamba si mpekuzi. Ana masikio tu.

Jumatatu, 20 Mei

Tumegombana, kama kugombana kwetu kunaweza kuitwa hivyo. Tulikuwa tumepanda hadi ngomeni, joto kali, na mimi nikasema, kwa ile sauti yangu ya furaha ambayo hata mimi imeanza kuniudhi, "Angalia jua hili, Fintan! Kule kwetu leo mvua."

"Najua," akasema. "Nyasi zinaota."

"Acha ziote."

"Zimefika magotini sasa. Nani anazila?"

Nikasema tununue aiskrimu. Akanitazama kwa huruma, ndiyo, huruma, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyepotea njia, akasema, "Unalipenda sana jua hili, Attracta. Nafurahi kwamba unalipenda." Kisha akaenda kupanga foleni.

Mungu anisamehe, jua hili linaniumiza kichwa toka siku ya kwanza. Nikaila ile aiskrimu huku nikisema tamu, tamu.

Jumanne, 21 Mei

Kichwa. Nimelala na kitambaa cha maji usoni.

Ijumaa, 24 Mei

Mijakaranda imechanua mji mzima, maua ya zambarau yamefunika barabara na yananata kwenye viatu. Fintan aliteleza kwenye vile vijiwe vyeupe vya njiani, nikamdaka mkono. Hakuutoa. Tumetembea hivyo hadi kona.

Jumatatu, 27 Mei

Asifiwe Mungu. Leo amefanya mzaha.

Tulikuwa kituoni tunasubiri tramu, kondakta akataja nauli, na Fintan akasema, "Kwa bei hiyo niambie wapi pa kushika, nitaisukuma mwenyewe." Sisi watu wa Cavan tunachekwa nchi nzima kwa ubahili, na yeye zamani alikuwa bingwa wa kuucheka kuliko wote. Kondakta hakuelewa kitu. Mimi nilicheka hadi nikashika nguzo.

Amekula pia. Sadini wa kuchoma, sahani nzima, na mkate wa kupangusia mafuta.

Alhamisi, 30 Mei

Kupaa kwa Bwana. Na leo Fintan amekwenda kitubio! Kuna kanisa moja kule chini lenye padre anayejua lugha yetu. Nilikuwa nimepiga magoti nikamwona anainuka, anaingia kwenye kile chumba kidogo. Alikaa muda mrefu. Alitoka na uso mtulivu, uso ule niliouona siku ya kwanza kwenye dansi ya parokia, akapokea komunyo pamoja nami bega kwa bega. Sikumuuliza kitu, kitubio ni cha mtu na Mungu wake. Lakini moyo wangu ulikuwa unapiga makofi.

Nimemwandikia padre wetu kadi. Safari hii sikudanganya.

Jumamosi, 1 Juni

Mji unajiandaa kwa sikukuu ya Mtakatifu Antoni. Wanatundika karatasi za rangi toka dirisha hadi dirisha, na kila mlango unauza vichaka vidogo vya mrihani kwenye vyungu, vimekatwa duara kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Fintan alininunulia kimoja. Nikakileta puani, na Bi Ermelinda akapiga ukelele kama nimekanyaga paka.

"Si kwa pua! Utakiua! Unakipapasa kwa kiganja, halafu unanusa kiganja!"

"Nani kasema?"

"Kila mtu! Mwanamke gani huyu anatia pua kwenye mrihani wa Mtakatifu Antoni? Mzee, umeoa mpagani!"

Fintan akacheka. Akakipapasa yeye, akaniletea kiganja chake puani. Mkono ule mgumu, wenye alama za kamba, unanukia mrihani. Sijui kama kuna siku nimempenda zaidi.

Jumanne, 4 Juni

Siku nzuri kuliko zote. Tulikwenda kule kwenye nyumba ya watawa ya zamani, tukala vile vikeki vya krimu ya mayai vya moto, akamwomba mtu atupige picha. Yeye, ambaye kwenye picha ya arusi yetu amekunja sura! Baadaye kwenye benchi akaniambia, "Umekuwa mke mwema, Attracta." Nikamwambia aache upuuzi, nitaanza kulia mbele ya Wafaransa. Akanipangusa sukari kwenye kidevu. Akasema kama lolote likitokea, nimwite Sorcha kwanza, asije akaambiwa na mtu mwingine. Nikasema, litokee nini, tuko likizoni. Akasema, "Nasema tu."

Jioni ilikuwa shwari. Nimesali rozari nzima ya shukrani.

Alhamisi, 6 Juni

Nitaandika, maana nisipoandika leo kesho nitaanza kuipamba siku hii.

Asubuhi Fintan alitoka kama kawaida, ila alichelewa kurudi. Sikuhangaika. Wiki hii sikuwa na hofu hata kidogo, ndilo jambo linalonichoma sasa. Nilikuwa chini jikoni na Bi Ermelinda tunabambua maharage mabichi, simu yangu ikalia. Malachy.

"Attracta! Vipi huko, jua lipo?"

"Lipo, Malachy."

"Hapa mvua. Jana mvua, leo mvua. Watu wameshindwa kukata nyasi." Akaendelea na mvua, akaja kwa dada yake na goti lake, akarudi kwa mvua. Nilikuwa nataka kukata simu. Ndivyo tulivyo kule kwetu, mtu akiwa na neno zito atazunguka nalo mashamba yote kabla ya kulitua. Nami namjua Malachy kwa umbea, nikadhani anatafuta la kusimulia.

"Sasa, huyu mbwa," akasema mwisho.

"Toss ana nini?"

"Hana kitu. Ni kwamba Fintan alinipigia juzi. Kaniambia Toss awe wangu."

"Umtunze hadi turudi."

"Ndivyo nilivyodhani nami. Nikamwambia, nitamtunza hadi mwezi wa saba. Akasema hapana, Malachy, awe wako moja kwa moja. Akanifundisha anavyoitwa, na kwamba mguu wa nyuma unamuuma kukiwa na baridi. Alinieleza vizuri sana, Attracta. Kwa upole." Nikasikia mvua kwenye bati lake. "Niliwaza usiku kucha nikupigie au nisikupigie. Mtu hatoi mbwa wake kama anarudi nyumbani. Fintan yuko wapi sasa hivi?"

Hapo ndipo mambo yote yakageuka mbele yangu moja baada ya jingine, kitubio, mrihani, picha, mke mwema, Sorcha aambiwe kwanza. Nilivyoviita kupona vyote vilikuwa kuaga.

Nilisimama, maharage yakamwagika. Bi Ermelinda akanishika viwiko. "Nini?"

"Fintan huenda wapi asubuhi?"

"Mtoni," akasema. "Hupanda kivuko. Binamu yangu ana kibanda cha kahawa gatini, ananiambia, yule mpangaji wako huvuka na kurudi, huvuka na kurudi, ng'ambo hashuki. Nilidhani unajua, mwanangu. Nilidhani anapenda maji."

Hakuvua aproni. Alisimamisha teksi kwa kujitupa katikati ya barabara, na njia nzima alimtukana dereva kwa kwenda polepole, na watakatifu wote pamoja naye. Mimi nilikuwa na Salamu Maria moja tu mdomoni, sikuweza kufika "utuombee", naanza upya, naanza upya.

Gatini binamu yake akaonyesha kidole. Kivuko kilikuwa kinaingia. Fintan alikuwa juu kabisa, penye upepo, ameshika reli kwa mikono miwili, anatazama chini. Watu wakashuka. Yeye hakushuka. Nikakimbilia lango, mlinzi akanizuia, tiketi. Sina tiketi, sina mkoba, nina ganda la haragwe mkononi.

"Mwache apite!" Bi Ermelinda akapiga kelele kwa lugha yao; maneno alinitafsiria baadaye.

"Mama, bila tiketi haiwezekani."

"Huyu ni mgeni wa Mtakatifu Antoni! Na mama yako namjua, nitamwambia leo hii hii! Fungua!"

Akafungua.

Nilipanda ngazi za kivuko. Nilisimama kando yake nikashika reli. Hakushtuka. Kivuko kikaondoka, jua limejaa majini hadi macho yanauma. Kule kwetu neno hilo halitamkwi. Mtu akifanya jambo lile tunasema alipata ajali, tunapeleka mikate ya nyama kwenye msiba, tunasema alikuwa mtu mkimya asiye na maneno na watu. Nimepeleka mikate hiyo nyumba ngapi. Nilijua nikizunguka kidogo tu, nikianza na mvua, nitampoteza.

Nikasema, "Fintan, unataka kufa?"

Akasema, "Kufa, sijui. Sitaki kuamka."

"Tangu lini?"

"Tangu lori."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unafurahi. Kila siku jua, jua. Nikasema, angalau yeye amepata likizo yake, nisimharibie."

"Mimi jua hili silipendi!" Nilipiga kelele, mwanamke mmoja akageuka. "Sijalipenda hata siku moja! Kichwa kinanipasuka! Nilikuwa nalisifu kwa ajili yako!"

Akanitazama. Mara ya kwanza baada ya miezi nilimwona yupo ndani ya macho yake. "Basi tumekuwa tunafanya nini hapa, Attracta?" akasema, na sauti ikamkatika. Hakucheka, hakulia, ni kitu katikati.

Nikamshika kwenye mkanda wa suruali, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto ukingoni mwa kisima, na sikumwachia. Nikamwambia anisimulie siku ya lori. Siku ile mimi nilikuwa ndani, mapazia nimeyashusha, nasali. Yeye alikuwa nao uani peke yake na wale watu wa serikali.

Ng'ombe wa maziwa huingia kukamuliwa kwa mpangilio wao wenyewe, kila siku uleule, hakuna anayewapanga. Fintan akaanza kuwataja kwa mpangilio huo. "Malkia mbele. Kisha Mwalimu. Kisha Askofu na tumbo lake. Mjane. Yule mweupe wa Sorcha." Akawataja wote, mmoja mmoja, huku tunavuka, watu wakashuka ng'ambo na wengine wakapanda, tukarudi naye bado anataja. Yupi alikuwa na chuchu moja ngumu. Yupi alipiga teke ndoo kila Jumatatu. Sikumkatiza.

Akafika kwa wa mwisho. "Chelewa," akasema. Huyo nilimjua hata mimi. Maisha yake yote ilikuwa lazima Fintan arudi malishoni kumfuata, anamtukana njia nzima.

"Ndiyo, Chelewa," nikasema.

"Siku ile wenzake walikataa kupanda lori. Wakasimama. Wakawa wananiangalia mimi. Chelewa akatoka nyuma kabisa, akapita katikati yao, akaja kunipiga pua hapa kifuani. Akapanda wa kwanza. Alidhani namwita. Basi wote wakamfuata."

Hapo ndipo akalia. Mume wangu hajawahi kulia mbele yangu, hata kwenye kaburi la mama yake. Alilia mdomo wazi, na upepo ukayachukua machozi pembeni.

Tulipofika gatini Bi Ermelinda alikuwa palepale na aproni yake. Alimshika Fintan mkono mmoja, nami mwingine, tukapanda mlima.

Ijumaa, 7 Juni

Daktari. Mwanamke kijana mwenye macho ya uchovu, anamtibu Bi Ermelinda presha. Alimuuliza Fintan waziwazi, naye akajibu waziwazi, na Bi Ermelinda akatafsiri kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. Kapewa vidonge, na kila siku tatu arudi. Daktari kasema tusisafiri hadi atakapotulia kidogo. Sorcha nimemwambia mwenyewe. Anakuja, amepata ndege ya tarehe kumi na nane.

Nyumbani nilimtaka aahidi kwamba hatafanya. Alikataa. "Sitakuahidi nisilolijua," akasema. "Uniulize kila asubuhi, nitakujibu ukweli. Hilo naweza."

Niliona ni kidogo. Sasa hivi usiku umeingia na naona ni kikubwa kuliko ahadi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeuliza. "Kama jana." Nimempigia Malachy kumshukuru, nikashindwa, nikamuuliza habari za mvua. Akaelewa. Miaka yote hii nimemwita mtu wa mdomo.

Jumapili, 9 Juni

Pentekoste. Nimeuliza. "Afadhali kidogo." Tumekwenda Misa, sisi na Bi Ermelinda.

Jumatano, 12 Juni

Nimeuliza. "Nusu." Tumepoteza hamu ya kutembea, hatutazami tena mji. Tunakaa kivulini mlangoni kwenye viti vya Bi Ermelinda, na mimi nimeacha kusifu chochote. Nikiona joto nasema joto. Yeye leo amesema, "Hili jua ni la kishenzi." Tukakubaliana.

Alhamisi, 13 Juni

Mtakatifu Antoni. "Si vibaya." Tulisimama kona tukaona maandamano yakipita, kisha tukarudi.

Jumapili, 16 Juni

Nilikuwa nimeshavaa kwa ajili ya Misa, kitambaa kichwani, viatu miguuni, rozari mkononi. Bi Ermelinda anaita toka chini, "Attracta! Tutakosa viti!"

Fintan alikuwa kaketi ukingoni mwa kitanda, amevaa soksi moja. Nikamuuliza.

"Leo ni mbaya," akasema.

"Mbaya kiasi gani?"

Aliangalia ile soksi nyingine mkononi mwake, kama hajui ni kitu gani. "Usiende," akasema.

Misa ya Jumapili nimeikosa mara moja maishani mwangu, nilipokuwa najifungua Sorcha. Nilisimama pale mlangoni nikamwambia Bwana, unaona mwenyewe. Kisha nikafungua dirisha nikamwambia Bi Ermelinda aende, atuombee. Aliinua uso akanitazama, akajipiga ishara ya msalaba, akaenda zake bila swali.

Kengele zikaanza, za kanisa letu kwanza, kisha za makanisa mengine yote ya mlimani. Nikavua viatu. Nikakaa upande wake, tukazisikiliza hadi zikanyamaza.

Sasa amelala. Mkono wangu wa kushoto ameushika na sithubutu kuutoa, kwa hiyo hakuna cha kuizuia karatasi, inateleza, na maandishi haya yanakwenda upande.